Mji ukibakiwa na hela, kodi ya jengo ishuke?

Wiki hii karibu maswali yote ni ya nyumba na LUKU (umeme wa kulipia kwanza), sijui mmeambizana. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana lina mambo ndani yake, mengine nimepita haraka, msinune.

SWALI: Anko habari za kazi. Mimi msomaji wako wa siku nyingi niko Ilomba hapa Mbeya, nina nyumba ya vyumba vinne, viwili nimepangisha. Sasa kuna shemeji yangu, mume wa dada, yuko Marekani jimbo la Massachusetts, kamji kadogo tu, juzi kaingia kwenye grupu la familia na voisi noti anafurahi kweli, anasema kodi yao ya nyumba, ile mwenye nyumba anayolipa mji, mwaka huu imeshuka maana mji ulikuwa na hela za akiba zimezidi, wakaitana mkutano, wananchi wenyewe wakapiga kura, hela ikachotwa kwenye akiba ikaenda kushusha kodi. Nikabaki najiuliza. Huku kwetu kuna kikao cha mtaa diwani mmoja kajisifu mpaka basi kwamba tumevuka lengo la makusanyo. Sasa kama tumevuka si ina maana hela imezidi? Na kama imezidi si ndo ya kwetu? Kwa nini ile 1,500 ya kodi ya jengo kwenye LUKU isishuke hata ikawa 500 tupumue? Maana mi kila mwezi nakatwa, na wapangaji wananinunia utafikiri hela naila mimi. Naomba unijibu bila siasa.
Mwenye nyumba, Ilomba

JIBU: Nzuri kaka, na pole na wapangaji. Shemeji yako hajakudanganya, kitu hicho kipo, na kwenye vimji vya ule upande wa Marekani ni ubishi wa kila mwaka, kuna majirani wanaacha kusalimiana kwa ajili yake. Ila voisi noti ya dakika mbili haibebi kila kitu. Kuna vipande kaviruka, na vipande alivyoviruka ndo vyenyewe.

Tuanze na kwake. Kule mji mdogo hauletewi kiwango cha kodi ya nyumba kutoka juu, mji wenyewe unakaa unapiga hesabu: mwaka ujao tunahitaji kiasi gani, shule (hii ndo inakula kipande kikubwa), polisi, zimamoto, barabara, mishahara, madeni. Wakishapata jumla wanatoa hela inayotoka kwingine, ruzuku ya jimbo, kodi ya magari, ada za vibali na kadhalika. Kinachobaki ndo wanagawana wenye nyumba kulingana na thamani ya nyumba ya kila mtu, inatajwa kama dola kadhaa kwa kila dola 1,000 za thamani. Kwa hiyo kodi ya nyumba kule ndo ya kuziba pengo. Pengo likipungua na kodi inapungua, pengo likiongezeka jiandae.

Sasa hiyo akiba. Massachusetts wanaiita frii keshi. Mwaka wao wa fedha kwenye miji unaisha Juni 30 kama wetu kabisa, ukiisha wanaangalia tulikusanya zaidi ya tulivyokadiria? Kuna kitengo tulikipa hela hakikuimaliza? Labda baridi lilikuwa dogo bajeti ya kusafisha theluji ikabaki, labda kuna nafasi za kazi zilikaa wazi mwaka mzima mshahara haukulipwa. Hiyo mabaki ndo frii keshi, ila haiguswi hivi hivi, idara ya mapato ya jimbo inapitia vitabu kwanza inathibitisha ni kiasi gani, ndo mkutano wa mji unaruhusiwa kuipigia kura. Pembeni kuna mfuko mwingine wa akiba ya shida, huo kuutoa hela inataka theluthi mbili ya kura. Yaani wameufunga kwa kufuli mbili makusudi, maana wanajijua.

Ngoja nikupigie hesabu, mfano wangu tu sio mji wowote. Mji unahitaji dola milioni 20, milioni 6 zinatoka kwingine, milioni 14 ndo za wenye nyumba. Nyumba zote za mji pamoja zina thamani ya bilioni 1, kwa hiyo kila dola 1,000 ya thamani inalipa dola 14. Mwenye nyumba ya dola 400,000 analipa 5,600 kwa mwaka. Sawa? Sasa mkutano ukasema tuna akiba, tuchote milioni 1 tushushe kodi. Wenye nyumba wanabeba milioni 13, yule bwana analipa 5,200, kaokoa dola 400, makofi, shemeji anatuma voisi noti.

Mwaka unaofuata gharama za mji zimepanda kidogo tu, kutoka milioni 20 hadi milioni 20.3, si unajua mishahara na mafuta. Za kwingine bado ni milioni 6. Milioni 1 ya akiba haipo, ilishaliwa. Wenye nyumba wanabeba milioni 14.3 na yule bwana analetewa bili ya 5,720. Kutoka 5,200 hadi 5,720 ni kupanda kwa asilimia 10 kwa mpigo. Kama wasingegusa akiba angetoka 5,600 kwenda hiyo hiyo 5,720, ongezeko la dola 120 tu ambalo hata asingeliona. Kwa hiyo kodi haikushuka kaka. Ilikaa chini mwaka mmoja ikarudi inakimbia.

(Shemeji atakwambia Massachusetts kuna sheria tangu 1980 inayozuia mji kupandisha jumla ya kodi zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka. Ipo kweli. Ila inahesabu kutoka kwenye kiwango cha juu ambacho mji uliruhusiwa kutoza, haihesabu kutoka kwenye bili mliyopunguziana mwaka jana, kwa hiyo huo mruko wa asilimia 10 unapita bila kuvunja sheria yoyote.)

We uko Mbeya lakini lazima una ndugu Mufindi au Njombe mwenye shamba la miti. Umewahi kuona mtu kasubiri miti miaka 15 na zaidi, kavuna, kapata hela ya mbao kwa mkupuo, alafu akawaambia watu wa nyumbani mwaka huu hatulimi viazi, hela ipo? Mi nimeona. Mwaka ule wanakula vizuri kweli. Mwaka wa pili miti haipo na shamba la viazi limeshakuwa pori, na mbegu hawana. Kosa lake wala sio kula hela ya miti, miti ni yake. Kosa ni kuifanya hela ya mara moja ibebe kazi ya kila mwaka.

Lakini nisiwaonee wanaotaka kodi ishuke, wana hoja na ni nzito. Wanasema hela hiyo mlitukata zaidi ya mlivyohitaji, turudishieni, maana ikikaa benki muda mrefu viongozi wanaanza kuiota usiku, mara jengo jipya la ofisi, mara gari. Alafu kuna wazee wa pensheni ambao kwao dola 400 ni dawa. Mimi nikikaa kwenye mkutano ule nadhani ningewaelewa. Ila ningesema hivi: kama mji una deni unalolipia riba kila mwaka, chukua hiyo milioni ukalipunguze, au kama mlikuwa mkope ununue gari la zimamoto, linunueni keshi. Hapo bili ya mwakani na ya mtondo goo inakuwa ndogo kweli, kwa sababu umeua gharama inayojirudia. Hata chama cha maafisa fedha wa serikali kule kwao, GFOA, kinashauri akiba isiyofungwa na kitu isishuke chini ya miezi miwili ya matumizi au mapato ya kawaida ya mji. Chini ya hapo haijazidi hiyo, ni ya kutunza kwa ajili ya shida.

Haya turudi Ilomba.

Hapa ndo nakuudhi sasa. Hata kama jiji lingekuwa na mabilioni yamelala benki, baraza la madiwani haliwezi kushusha ile 1,500 hata shilingi. Sio kwamba hawataki, hawana rungu hilo. Zamani walikuwa nalo kiasi, kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri chini ya sheria ya mwaka 1983, walikuwa wanathamini nyumba na kukusanya wenyewe, na tukubaliane walikuwa wanakusanya kwa kusuasua. 2016 serikali ikaipeleka TRA, mamlaka ya mapato ya taifa. Ikafika kipindi ikawa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, foleni unazikumbuka. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, ghorofa za mjini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Viwango hivyo vinapitishwa na Bunge kwenye sheria ya fedha. Sehemu ya hela inarudishwa halmashauri, ila inazunguka kwanza kwenye mfuko mkuu. Kwa hiyo yule diwani aliyejisifu na yule anayekukata kwenye LUKU ni mifuko miwili tofauti.

Na ona tofauti nyingine. Kwa shemeji kodi inafuata thamani, mwenye jumba analipa zaidi. Kwetu nyumba ya kawaida ni ya kawaida, ya vyumba viwili kule Iganzo na ile ya geti la umeme na maua pale Forest zote 1,500. Kwa hiyo hata ukishusha, anayepona sio lazima awe yule mwenye shida.

Sasa kuvuka lengo. Kaka, hili neno linadanganya watu wengi na nadhani wanaolisema majukwaani wanajua hivyo. Lengo ni makisio, mtu alikaa mezani akaandika mwaka huu tutakusanya kadhaa. Akiandika kidogo, mtalivuka hata mkilala. Na hata mkivuka kihalali haimaanishi hela ipo pale inasubiri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa sheria inaenda mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kwa hiyo mkikusanya zaidi na hiyo inakua. Kuna fungu linalotakiwa kwenda miradi ya maendeleo, nalo ni asilimia ya mapato, nalo linakua. Alafu kuna wazabuni wanaodai, waliopeleka chakula, waliotengeneza madawati, na watumishi wanaodai hela za uhamisho na likizo. Halmashauri yenye bilioni 2 benki na madeni ya bilioni 3 imezidisha nini? Ni kama mtu ana laki mbili mfukoni anadaiwa laki tatu dukani alafu anawaita rafiki zake awanunulie nyama choma.

Kwa hiyo siku nyingine diwani akisema tumevuka lengo, muulize kwa heshima tu: mheshimiwa, na tunadaiwa shilingi ngapi? Utaona kikao kitakavyochangamka.

Alafu tuseme kweli, akiba yenyewe sisi tunaihitaji kuliko hao wa Massachusetts. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, unakumbuka, na kulijenga upya ilibidi jiji likope benki, na deni la namna ile linakaa shingoni miaka na miaka, nani anayelilipa kama sio mwenye kizimba na mwenye leseni? Aprili 2024 mlima Kawetere ukameguka pale Itezi ukafukia nyumba za watu. Mvua za kwetu hazina utani. Mji usio na chochote pembeni, siku ya namna hiyo unaanza kuchangishana kwa bakuli. Mi sijawahi kuona mji wa kwetu wowote ambao nikaambiwa una akiba imezidi nikaamini, nimeona tu miji ambayo hela haijafika au haijatumika.

Sasa tufanye kwamba muujiza umetokea, hela imezidi kweli, madeni yamelipwa, na sheria inaruhusu jiji likulipie hiyo 1,000 ili ubaki na 500 kama ulivyotaka. Tuweke nyumba 20,000, namba ya mfano tu hiyo. Buku kwa mwezi ni 12,000 kwa mwaka kwa kila nyumba, jumla milioni 240. Mwaka 2021 kwenye zile hela za UVIKO darasa moja lilipangiwa milioni 20. Kwa hiyo ni madarasa 12, au kila mwenye nyumba anapata hela ya kuku mmoja, na mwakani kuku hayupo na darasa halipo. Kuna atakayechagua kuku, nyumba ni yake na hela ni yake, sibishani naye. Mimi nachagua yale maboma. Kila kata hapa ina boma la darasa au zahanati wananchi walichangia tofali wakapandisha ukuta, limesimama miaka linaota majani linasubiri bati. Hela ya mara moja kazi yake ndo hiyo, kumaliza kitu ambacho kikiisha kimeisha.

Na kama shida yako ni kupumua kweli, piga kelele pale ambapo baraza lina nguvu. Ushuru wa soko, kodi ya vizimba, ada ya taka, hivyo viko kwenye sheria ndogo za halmashauri, vinaanzia kwa madiwani alafu vinaenda kwa waziri. Mama anayeuza nyanya chini pale Mwanjelwa anakutana na mtu wa mashine ya posi anayekusanya ushuru kila siku ya Mungu, yeye akipunguziwa anaona siku hiyo hiyo. Ila na hapo onyo ni lile lile, wakushushie kwa sababu mapato ya kila mwaka yanatosha, wasikushushie kwa sababu mwaka mmoja mambo yalikaa vizuri.

Kuhusu wapangaji wako: kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba kaka, ndo ilivyo hata kama inakatwa kwenye mita anayojazia mpangaji. Kama mita ni yao na wanakatwa wao, wana haki ya kukudai au mkatane kwenye kodi ya pango. 1,500 ndogo tu lakini kununiana ndani ya uzio mmoja kunachosha.

SWALI: Kamwene anko. Niko Manispaa ya Iringa, nafanya kazi za ujenzi. Nimesoma huko nyuma uliwahi kugusia hela za Juni. Kwa nini halmashauri zinakimbizana kumaliza hela Mei na Juni, mafundi tunaitwa usiku usiku, badala ya kuziacha ziwe akiba ya mwaka ujao?
Fundi, Iringa

JIBU: Kamwene fundi. Swali lako ni mdogo wake na la huyo wa Ilomba. Hela nyingi za miradi zinatoka serikali kuu na zina jina, hii ya darasa, hii ya choo cha shule, hii ya zahanati, na mwaka wa fedha ukifunga Juni 30 hela isiyotumika iko hatarini kurudi Hazina, kuvuka nayo kwenda mwaka mpya kunataka maombi na kibali. Sasa fikiria hela yenyewe imeingia kwenye akaunti Mei. Mkurugenzi ana wiki chache, mchakato wa manunuzi una siku zake, mvua ndo kwanza zimekata. Ndo hapo unapigiwa simu saa tatu usiku uje na vijana sita.

Kwa hiyo ile inayoitwa bakaa, hela iliyokutwa kwenye akaunti Juni 30, mara nyingi sio hela iliyozidi, ni kazi ambayo haijafanyika. Mtu akiiona kwenye karatasi anasema kumbe walikuwa na mabilioni, kumbe ni bati la shule lililochelewa. Kumpa mtu motisha ya kuweka akiba alafu ukamnyang'anya kila Juni haiwezekani, hata mtoto ukimvunjia kibubu mara mbili ya tatu ananunua pipi. Kule Massachusetts mabaki ya mji yanabaki ya mji, ndo maana wanaweza hata kugombana wayafanyie nini. Mi nadhani kabla hatujabishana kushusha kodi kwa akiba, tungebishana kwanza akiba ya mapato ya ndani ilindwe vipi.

Ukitaka kujua ya halmashauri yako, ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inaenda kwa Rais mwisho wa Machi na bungeni Aprili, ya serikali za mitaa ina kitabu chake na iko onlaini bure. Ni ndefu, we tafuta jina la halmashauri yako humo ndani, soma palipoandikwa madeni na bakaa. Na vikao vya baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza, hawaandai chai lakini viti vipo.

SWALI: Anko mi niko Mafinga, nyumba moja, paa moja, ila nina mita tatu maana wapangaji kila mmoja na yake. Nakatwa 1,500 mara tatu kila mwezi. Ni halali? Na mita moja nilikuwa sijaijazia miezi mitatu, nilipojaza wakakata 4,500, nusu niangue kilio.
Mwenye mita tatu, Mafinga

JIBU: Hiyo 4,500 ni sawa, usipojaza deni halilali, linakusubiri, miezi mitatu mara 1,500. Ila mita tatu kwenye jengo moja hapana, kodi ni ya jengo, haihesabiwi kwa mita. Sistimu inaona mita haioni paa, kwa hiyo lazima uende mwenyewe. Andika namba za mita zote tatu, beba kitambulisho na karatasi yoyote ya umiliki, nenda ofisi ya TRA au ya halmashauri iliyo karibu uwaambie jengo ni moja, wabakize makato kwenye mita moja. Chagua mita ambayo ina mtu anayejaza kila mwezi, sio ile ya chumba kinachokaa wazi, usije ukarudi kwangu na kilio cha miezi sita.

Alafu uwaambie wapangaji wote ni mita ipi imebaki na kodi, ili mwenye hiyo mita asibebe mzigo wa wenzake. Kawaida watu wanasahau hapo.

SWALI: Shikamoo anko. Mama yangu ana miaka 71, yuko Tukuyu, anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe, baba alishatangulia. Bado anakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU. Nimesikia wazee wamesamehewa, ni kweli au maneno ya vijiweni?
Binti wa mwisho, Tukuyu

JIBU: Marahaba binti. Ni kweli kabisa. Mwenye nyumba aliyefika miaka 60 na kuendelea anasamehewa kwa nyumba moja anayoishi. Kama ana nyingine kapangisha, hiyo ya kupangisha inalipiwa. Msamaha hauji wenyewe, ndo maana mama bado anakatwa, inabidi uombwe TRA au halmashauri wajue kwamba mita ile ni ya nyumba ya mzee. Nenda naye au akuandikie umwakilishe, mbebe kitambulisho chake cha taifa kwa ajili ya umri.

Kitu kimoja kinachowakwamisha wengi: mita imeandikwa jina la marehemu baba. Hapo mtaulizwa maswali, kwa hiyo pitieni kwanza kwa mtendaji mpate barua inayosema mama ndo mwenye nyumba na ndo anaishi humo. Namba ya mita kama kadi imepotea msihangaike, ipo kwenye meseji ya umeme aliyonunua mara ya mwisho. Msalimie sana, mwambie ndaga.